Jina Langu Tosha

Jumamosi, 6 Januari 2018

Vizazi vyote na vitambue kwamba leo, saa nne na robo asubuhi, mimi Melkiori, mkazi wa DeSoto, Texas, nimenunua kofia ya sufu. Ya kijivu. Ina masikio. Kikaratasi chake kinasema inastahimili baridi ya milimani. DeSoto haina hata kichuguu. Lakini kiongozi hujiandaa mapema.

Kiongozi, naam! Jana Mama Apolonia wa Houston, mwenyekiti wa Umoja wetu wa Waswahili wa Dallas na Houston, alitangaza kwenye grupu kwamba anatafutwa Mkuu wa Msafara. Mwenye nia apendekeze mahali pa kutembelea sote mwaka huu. Ukurasa mmoja na picha. Mwisho Alhamisi tarehe 18. Jina litatajwa Houston, Jumamosi tarehe 20.

Nakitaka cheo hiki. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Miaka kumi na saba niko Marekani na cheo nilichopewa ni kimoja: kupanga viti. Harusi, viti. Msiba, viti. Ubatizo, viti na meza mbili. Novemba niliingia ukumbini, mtoto wa Rogers akamwambia baba yake, "The chair man is here." Nikasikia chairman, yaani mwenyekiti. Nikanyoosha tai. Nikapungia watu mkono. Mtoto akaninyooshea kidole kwenye rundo la viti vya plastiki pembeni.

Binti yangu Ndeshi, miaka kumi na mitano, alikuwa pale. Akajifanya anasoma kitu kwenye simu. Simu ilikuwa imezimika. Niliona.

Basi. Mpinzani wangu ni huyo huyo Rogers. Anauza nyumba, anakaa Mansfield, ameshawahi kufika kwenye yale mawe ya kale ya Uingereza yaliyosimama duara. Alipita kwa basi, lakini ukimsikiliza utadhani aliyasimamisha yeye. Leo ameandika kwenye grupu: "Kila la heri wote." Mtu haandiki hivyo bila sababu.

Jumatatu, 8 Januari

NIMEPATA! Duara la mawe! Hapa hapa Texas! Shamba la ng'ombe mbele ya Corsicana, mwendo wa saa moja tu. Kwenye mtandao picha ni ya giza lakini maneno ni meupe: rudi nyuma miaka elfu nne. Elfu nne! Rogers kavuka bahari kutafuta kitu kilichokaa pembeni ya barabara ya kwenda Houston.

Nimemweleza Mama Ndeshi. Alikuwa ametoka kazini hospitali, miguu ndani ya beseni la maji moto. Ameuliza nani kawahesabia hiyo miaka. Nikasema mtandao. Akasema mtandao huo huo ndio uliomwambia Baba Ndeshi ajipake tangawizi gotini, na goti likavimba. Wivu ndani ya nyumba ni kitu kibaya.

Tatizo: nani atanipiga picha? Nimemwomba Protais. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Huyu ni Mrundi, ila amezaliwa na kukulia Uvira, upande wa Congo, wazazi wake walikokimbilia. Anaendesha folklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, ghalani. Sherehe ikiisha, wote wakishaingia kwenye magari yao, yeye hubaki kunisaidia kukunja viti. Hajawahi kuombwa. Ndivyo tulivyojuana.

Kasoro yake moja: hawezi kusema uongo. Si kwamba anakataa, hajui unaanzia wapi. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwenye mradi. Halafu Kiswahili chake ni cha Uvira na changu ni cha Moshi. Tunaelewana asilimia tisini. Hiyo kumi iliyobaki hatujawahi kuihitaji.

Jumatano, 10 Januari

Baada ya kazi (siku nzima nimewapigia watu simu kuwakumbusha miadi ya macho, wawili wakasema hawaoni namba) nimepitia dukani Cedar Hill kutafuta glovu. Kwenye rafu za mahema, nani? Rogers! Ameshika chupa ya chai ya kusafiria. Lita mbili!

Ameniuliza kwa upole natafuta nini. Nikasema chumvi. Tulikuwa tumezungukwa na mahema. Akanielekeza chumvi ilipo. Upole wa aina hiyo una mpango ndani yake. Nikamuuliza chupa ni ya nini, akasema zawadi ya shemeji.

Nimefika nyumbani nikabadilisha neno la siri la simu. Saa moja baadaye nimelisahau. Ndeshi amenisaidia kuifungua, akauliza kwa Kiingereza kwani nani anataka simu yangu. Nikamtuma maji ya kunywa. Bado mdogo.

Jumapili, 14 Januari

Nimevaa kofia mpya kanisani. Misa ya Kiswahili. Makusudi: watu wazoee kuniona katika hali ya kusafiri.

Protais alikaa nyuma yangu na mkewe Marie-Goretti. Kabla ya somo la kwanza akaniinamia, akaninong'oneza, "Muzee, tosha kofia." Nikageuka nikamshukuru, nikamwambia kweli, inanitosha kabisa, hata masikio yameingia. Baada ya zaburi tena: "Muzee, tosha kofia, tafazali." Nikamshukuru tena. Sijawahi kuona kofia ikisifiwa mara mbili ndani ya misa moja.

Mama Ndeshi akanyoosha mkono akaivua kichwani kwangu bila neno, akaikalia. Nasema tena: wivu.

Kesho ni sikukuu, ofisi yangu imefungwa na Protais ana siku ya mapumziko. Tunakwenda. Utabiri wa hewa: upepo wa kaskazini, baridi kali kuanzia mchana. Nimeamua utabiri haunihusu.

Jumatatu, 15 Januari

Naandika na glovu. Vidole havijarudi vyote.

Tumetoka saa mbili asubuhi. Hita ya gari langu hupuliza mguu wa kushoto wa dereva tu. Protais kakaa na blanketi mabegani kama shehe wa mahali pa baridi. Nilikuwa nimemwambia asibebe chakula, watafiti hawaendi na vyombo. Marie-Goretti alimpa mayai ya kuchemsha, maandazi na chupa ya chai. Tulipopita Ennis vilikuwa vimekwisha. Mayai manne nilikula mimi.

Baada ya Corsicana, nyasi kavu na ng'ombe. Ng'ombe wote wameugeuzia upepo makalio. Ishara mbaya, lakini sikuitamka. Getini akatoka mzee wa Kizungu na mbwa wake, akatutaka tutie sahihi karatasi kwamba jiwe likituangukia, shauri letu. Moyo ukafurahi: mawe mazito hayo! Miguu ikaogopa.

Duara liko nyuma ya ghala la majani. Mawe kumi na mawili, marefu kuliko mtu. Upepo ukipita katikati unapiga mluzi. Nikasimama. Nikavua glovu kwa heshima. Nikamwambia Protais, bwana, hapa wamesimama watu miaka elfu nne iliyopita. Akatikisa kichwa kwa heshima pia. Kisha akaenda kulipiga jiwe la kwanza kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

Ko, ko, ko.

Akaniangalia. Akapiga la pili. Ko, ko, ko. "Muzee, hii iko tupu mu ndani." Nikamwambia mawe ya zamani sana huisha ndani, ni umri. Akasema jiwe si tumbo, haliwezi kusikia njaa. Kwenye la tano, ng'ombe walipozoea kujikunia, akakuta pamebanduka: waya wa banda la kuku!

Mzee wa shamba akaja na furaha zote kutueleza. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikwenda matembezi Uingereza, akarudi hasemi kitu kingine ila mawe yale ya duara. Mwaka 1991 akasuka waya, akapaka saruji, akapiga rangi. Hiyo miaka elfu nne ni maneno ya mpwa, aliyetengeneza tovuti.

1991! Nina tai ya zamani kuliko hiyo!

Akatuuliza kama sisi ni maprofesa. Nikasema kwa namna fulani. Protais akasema yeye ni wa folklifti.

Sikukata tamaa. Picha hazibishi hodi. Nikasimama katikati, mkono kidevuni, macho mbali. Protais akapiga picha arobaini na moja. Thelathini na tisa ni dole gumba lake. Moja nimefumba macho. Moja pua yangu inatiririka, na inaonekana vizuri kuliko mawe. Kofia ikaruka, ikavuka seng'enge, ng'ombe akaisimamia. Nikamsihi kwa lugha tatu. Hakutoka.

Hapo kabla, nikijaribu mwanga, nilikuwa nimempiga yeye moja. Kaweka kiganja na sikio kwenye jiwe, blanketi mabegani, macho yamefumbwa. Nilimuuliza unafanya nini. Akasema anasikiliza upepo ndani. Utotoni Uvira walikuwa wakiweka sikio kwenye pipa tupu, wanasema hilo ni ziwa linaongea. Akasema pia leo ndiyo siku ya kwanza tangu Desemba ambayo hajabeba kitu. Nikampa begi langu ashike nifunge kamba za viatu.

Njiani kurudi nikamwomba mambo ya 1991 yabaki kati yetu. Hatusemi uongo, bwana, ila hatutaji. Akauliza tofauti yake ni nini. Nikamwambia ni suala la elimu. Akafikiri mpaka Waxahachie, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tumepotea njia.

Jumanne, 16 Januari

Barabara zimeganda. Ofisi imefungwa, shule ya Ndeshi imefungwa. Wanasema hata Houston kuna barafu. Siku nzuri ya kuandika.

Nimeandika kwa uangalifu mkubwa. "Mawe ambayo umri wake hauna haja ya kutajwa." Kweli tupu. "Aliyeyasimamisha alikuwa bingwa wa hesabu." Kweli. "Wanyama huyaheshimu." Karibu na kweli.

Ukurasa anaupanga Aurore, binti wa Protais, anayesomea usanifu wa picha chuoni Arlington. Nimemtumia zote arobaini na mbili. Amechagua ile ya baba yake na sikio! Nimepiga simu kulalamika. Akanijibu kwa adabu, "Uncle, it's the only good face." Nikamwomba atazame tena. Akanirudishia madole gumba thelathini na tisa, moja baada ya jingine, bila maelezo.

Sawa. Picha ya Protais. Lakini chini nikaona ameandika: "Imeandaliwa na Melkiori na Protais." NA Protais!

Sijala chakula cha jioni. Kamati ikiona uso wa Protais na jina la Protais, itafikiri nini? Anayeng'ang'ana na hita iliyokufa ni nani? Aliyeng'oa sentensi hizo kichwani ni nani? Majina mawili yatawachanganya. Ni kwa faida ya kamati.

Jumatano, 17 Januari

Imekwisha! Na kwa ustaarabu!

Nilimpigia Protais saa ya chakula chake cha mchana. Kumwambia rafiki kwamba jina lake halihitajiki si kazi ndogo. Nikazunguka. Nikamuuliza habari za Marie-Goretti. Nikamuuliza habari za folklifti. Kisha nikaliweka kwa upole, bila kulitaja jina lake hata kidogo: "Pale chini ya ukurasa, bwana Protais, jina langu tosha."

Nikasikia folklifti tu zikirudi nyuma na mlio wao. Nikajua kaumia.

Akauliza, "Muzee, tosha jina yako? Ya weye mwenyewe?" Nikasema ndiyo, langu tosha. "Hapana yangu?" Nikasema hapana, yako hapana, langu tosha. Mara ya tatu akauliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri usiku kucha.

Basi akaanza kuniombea! Mungu akubariki, muzee. Akasema sauti ikimkatika kwamba atamwambia Aurore sasa hivi, na kwamba hajawahi kuona mtu wa namna yangu. Nikashangaa kidogo. Lakini ndivyo walivyo watu wanyenyekevu. Ukiwapunguza, wanashukuru.

Alhamisi, 18 Januari

Aurore ameutuma moja kwa moja kwa Mama Apolonia. Ameniandikia "Done" na kialama cha dole gumba. Nimeona madole gumba mengi wiki hii.

Rogers kwenye grupu: "Baridi hii jamani!" Ana maana gani?

Jumamosi, 20 Januari

Houston. Nitaandika yote, kisha sitasoma tena.

Tumesafiri gari moja: mimi, Mama Ndeshi, Ndeshi na Protais. Jua limerudi, kama vile Jumatatu haikuwepo. Mfukoni hotuba ya kurasa nne, nimeweka alama pa kusubiri makofi. Ukumbi una watu kama arobaini. Viti vimeshapangwa. Sikuvigusa! Nilikaa kwenye kimojawapo kama mtu yeyote. Rogers hayupo. Nikafikiri: amekimbia.

Mama Apolonia akasema kaeni jamani, ukumbi ni wetu mpaka saa tisa tu. Akasema mapendekezo yaliyofika ni haya ya mawe peke yake, na kamati imeyapenda. Akainua ukurasa. Watu wakasema "aaah" kwa ile picha ya sikio. Akasoma maneno yangu yote. Walicheka mahali nisipokusudia, lakini walisikiliza. Kisha akasoma chini: "Imeandaliwa na Protais."

Basi. Nukta.

Nilikuwa nimeshasimama. Mtu akisimama hivyo hana pa kwenda. Nikapiga makofi. Nikapiga kwa nguvu, maana sikuwa na udhuru mwingine wa kusimama.

Protais hakupiga makofi. Alisimama, kofia mkononi, akasema kuna kosa. Kazi si yake. Muzee Melkiori ndiye aliyetafuta mawe, ndiye aliyeendesha, ndiye aliyeandika, kisha kwa kinywa chake akaamuru jina lake litolewe. "Namuuliza mara tatu. Mara tatu anakatala. Mu maisha yangu sijaona mutu anatosha jina yake, anaacha ya mwenzake."

Mama mmoja safu ya tatu akafuta macho kwa kanga. Sauti ya mwanamume nyuma ikasema, "Huyo sasa ndiye kiongozi!" Na Ndeshi, Ndeshi wangu, akaweka simu chini. Akanitazama. Sikumbuki mara ya mwisho kutazamwa hivyo na mtoto huyu. Pengine alikuwa na miaka sita.

Nilikaa katika hali hiyo kama dakika moja. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Hata Mama Ndeshi alinibana kidole cha mguu kwa kisigino, na anajua kubana.

Nikasema.

Nikasema kwa sauti ya chini, ya unyenyekevu, kwamba ndugu zangu, si jambo kubwa, nilimwambia tu neno dogo, jina langu tosha.

Kudra akainua kichwa. Huyu ndiye katibu, mwanamke wa Tanga, Jumamosi hufundisha watoto wa Houston Kiswahili, na sikio lake halipitwi na kitu. Akaniuliza, "Umesema tosha?" Nikasema tosha. "Tosha ya Moshi au tosha ya Uvira?"

Sikuelewa swali. Nilianza kulielewa polepole.

Akawaeleza watu wote, kama darasani. Akasema kwa wenzetu wa Uvira, tosha ni toa. Tosha viatu, vua viatu. Tosha jina, futa jina. Kwetu tosha ni basi, hahitajiki mwingine. "Kwa hiyo Mzee Melkiori hakumwambia ndugu Protais alifute jina lake. Alimwambia jina lake peke yake linatosha. La Protais ndilo la kufutwa." Akageuka kwangu bila ubaya wowote. "Au nimekosea, Mzee?"

Kicheko kilianzia meza ya Wakongo, maana wao walishajua nusu. Kikahamia kwa Watanzania. Wakenya walichelewa, ilibidi Kiplagat aelezwe mara mbili, kisha akacheka kuliko wote, akapiga meza, akasema, "Mzee, umejichoma mwenyewe!" Ndeshi alikuwa amerudi kwenye simu. Safari hii ilikuwa inawaka.

Protais hakucheka. Alinitazama kama alivyolitazama lile jiwe la kwanza alipokwisha kulibishia hodi.

Akaomba kusema tena. Nikajua: namalizwa. Akasema neno moja bado halijatajwa: mawe yenyewe ni waya na saruji, ya mwaka 1991, na ndani ni tupu. Mama Apolonia akauliza kama watoto wanaweza kupanda bila kuumia. Protais akasema ndiyo. Mama Apolonia akasema afadhali hayo, ya kale wangekatazwa kugusa. Makofi. Protais, Mkuu wa Msafara!

Halafu akaomba nipewe umakamu. Mimi! Mama Apolonia akamuuliza, hata baada ya haya, ndugu yangu? Akajibu, "Ye njo anajua njia," yaani mimi ndiye ninayeijua njia.

Saa nne za kurudi. Tulipita Huntsville. Nilikuwa nimeshikilia usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Kisha Protais akasema taratibu, akiangalia misonobari, "Muzee, ungesema tu. Ungeniambia tosha ya miye, ningeitosha."

Nikafungua redio. Ilikuwa mahubiri. Nikafunga.

Jumapili, 21 Januari

Sikwenda kanisani. Goti.

Protais amepita baada ya misa kuniuliza goti lina nini. Ameleta maandazi. Nimejificha chumbani nikasikia Mama Ndeshi akimwambia goti halina kitu, linaona aibu tu. Akacheka kidogo. Nilisikia. Sijui kama kicheko kile ni msamaha au ni cha maandazi. Nimekula manane.

Jumanne, 23 Januari

Nimetafakari siku tatu na sasa naona wazi. Kosa si langu. Kosa ni la kitenzi. Kitenzi kimoja hakiwezi kuajiriwa kazi mbili zinazogombana. Nimemwandikia Kudra barua kulalamika. Amejibu kwa kunialika darasa la watoto Jumamosi.

Jioni nimekwenda Mansfield kwa Rogers, kumpa mkono wa siri: wawili tulioshindwa tuungane. Aliyeshindwa mwenye akili hutafuta mshirika. Amenikaribisha vizuri, akanipa kiti kizuri, akaniuliza kushindwa nini. Nikamwambia Ukuu wa Msafara. Akaniuliza msafara gani. Nikamwambia tangazo la Mama Apolonia. Akasema grupu lile amelizima sauti tangu 2016, huingia mara moja moja kusalimia watu wasije wakafikiri amekufa. Hajaomba cheo chochote. Hajui kulikuwa na cheo.

Nimerudi nimeingiwa na hofu kubwa. Mtu anayeshindana bila hata kuingia kwenye mashindano! Huyu ni wa kumchunga kuliko nilivyodhani.

Lakini mimi ni Makamu. Makamu hushika nafasi Mkuu asipojiweza. Leo kwenye simu Protais amekohoa mara mbili. Simwombei mabaya, Mungu anajua. Nimeuliza tu kikohozi kina siku ngapi, na kama Marie-Goretti huwa anaambukizwa. Nimeandaa mpango mpya, kurasa sita. Protais hatajua kitu. Nikishakaa kwenye cheo mwaka mmoja, miwili, nani atakumbuka mambo ya Houston? Ndeshi atakuwa chuo. Atawaambia wenzake baba yake ni Mkuu.

Sasa hivi Protais amenitumia barua yake ya uteuzi, iliyosainiwa na Mama Apolonia, na maneno mawili: "Muzee, ona." Nimeona. Cheo kinaanza Jumamosi, 23 Juni, saa mbili asubuhi. Kinaisha siku hiyo hiyo saa kumi jioni.